Maji Katika Lori la Karafuu

Lori lililopakia tani 3 za karafuu mbichi huko Konde, kaskazini mwa Pemba, na kuzipeleka hadi bandari ya Mkoani, lingekuwa limechukua takriban tani 2 za maji. Karafuu iliyochumwa sasa hivi ina maji kiasi cha asilimia 70 ya uzito wake. Ikikauka barabara hubakiwa na asilimia 12 hivi. Kilo 3 mbichi hutoa kilo 1 kavu. Kazi hiyo hufanywa na jua, juu ya majamvi, kwa muda wa siku kadhaa, pasipo tone la dizeli. Hii nayo ni teknolojia ya uchukuzi, ingawa ni nadra kuitwa hivyo.

Shida huanza mvua za vuli zinapomkuta mkulima na karafuu uani. Majamvi hukunjwa mara kumi kwa siku, na mwisho uvumilivu humwishia. Hutia gunia karafuu zilizokauka nusu. Ndani ya gunia hupata joto, huchacha na kupauka. Mkulima hushushiwa daraja, na nauli ya kuchukua maji ameshailipa. Wazoefu huivunja karafuu kwa vidole: iliyo kavu hukatika kwa mlio. Kipima-unyevu cha umeme hutumia kanuni nyingine, kwamba punje yenye maji hupitisha umeme kwa wepesi zaidi. Kaushio lililoezekwa kwa nailoni angavu huzuia mvua na kuliachia jua lipite. Tanuri la kuni hukausha hata usiku, lakini kuni nazo ni mzigo.

Barabara pia hudhurika. Majaribio yaliyofanywa Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezwa mara mbili, madhara kwa barabara huongezeka kama mara 16.

Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hujaza lori upesi kwa thamani ndogo. Kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, huyakamua kwa mvuke. Kilo 100 za makonyo huweza kutoa mafuta ya kilo 5 au 6, na kinachosafiri ng'ambo ni mapipa machache.

Mfano mkubwa kuliko yote haukuhusu karafuu. Hadi mwaka 2010 umeme wa Pemba ulitokana na jenereta za dizeli, na dizeli hiyo yote ilivushwa baharini. Mwaka huo waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, uliuleta umeme wenyewe, na shehena hiyo ikaondoka melini.

Dizeli ya malori ingali inavushwa. Lori lipandalo vilima vya kusini mwa Chake Chake na magunia yasiyokauka huichoma dizeli hiyo kwa kuchukua maji.