Raga ya mshahara na raga ya mapenzi: kutoka Mount Druitt hadi mteremko wa Naguru

Anayeshuka kilima cha Naguru jijini Kampala kuelekea Barabara ya Jinja hukuta viwanja viwili vya raga visivyo mbali: Kyadondo, nyumbani kwa klabu ya Heathens, na Legends pale Lugogo, nyumbani kwa Kobs. Kijana wa mtaa huo anaweza kujifunza mchezo bila kulipa nauli. Kupata riziki kwa mchezo huo ni jambo jingine: kwa hilo atahitaji pasipoti.

Wasikilizaji walioko Australia, ambao kila msimu huwaona vijana wa asili ya Samoa wakitia saini mikataba minono, wana haki ya kujiuliza. Nguvu, kasi na moyo vipo Kampala pia. Kinachokosekana ni nini?

Jibu linaanzia Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 29 Agosti 1895. Wachezaji wengi wa eneo hilo walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani, na aliyeacha kazi siku ya Jumamosi ili acheze alikatwa ujira wake. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia. Wakuu wa mchezo wakakataa, nazo zikajitenga. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa raga ya ligi, yenye wachezaji 13 kila upande, ambayo timu ikikabwa mara sita mfululizo humwachia mpinzani mpira. Raga ya wachezaji 15, iliyobaki upande wa pili wa mgogoro huo, iliendelea kukataza malipo hadi Agosti 1995, yaani miaka mia kamili baadaye. Mchezo unaotawala Sydney, basi, ulizaliwa kwa sababu ya ujira. Ule ulioletwa Kampala na Waingereza wa enzi za ukoloni ulilelewa na watu ambao hawakuuhitaji.

Mfano mzuri wa tunda la historia hiyo ni Jarome Luai. Alizaliwa Sydney mwaka 1997, akakulia Mount Druitt, kitongoji cha magharibi ya jiji chenye nyumba nyingi za serikali na familia nyingi za visiwa vya Pasifiki. Baba yake ni wa asili ya Samoa. Utotoni alichezea klabu ya St Marys, na kutoka hapo hadi uwanja wa Penrith ni vituo vichache vya treni. Kila rika lina mashindano yake, na kila mashindano yana macho ya watu wa klabu kubwa wanaotafuta vipaji. Luai alianza kuichezea Penrith katika ligi kuu mwaka 2018, akatwaa nayo ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024, kisha akahamia Wests Tigers. Hayo yote aliyafanya bila kuhama mji aliozaliwa.

Mwaka 2022 alivaa jezi ya Samoa katika Kombe la Dunia. Kikosi hicho, ambacho wachezaji wake wengi walizaliwa au kulelewa Australia na New Zealand, kiliwatoa Waingereza kwa pointi 27 kwa 26 mjini London, kwa mkwaju wa Stephen Crichton katika muda wa nyongeza. Samoa ilifungwa na Australia 30 kwa 10 katika fainali, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa taifa la kisiwa cha Pasifiki kufika hapo. Kanuni inayomruhusu mchezaji kuliwakilisha taifa la wazazi au mababu zake ndiyo iliyofungua mlango huo. Ughaibuni uliwapa mafunzo na mshahara, na nchi ya asili ikavuna.

Sasa linganisha na Philip Wokorach, mmoja wa wachezaji mahiri zaidi waliowahi kutokea Uganda. Alijulikana akiwa Heathens, pale Kyadondo, kwa kasi yake na kwa mguu wake wa kupiga mikwaju. Angekuwa na kipaji hicho Penrith, hatua ya pili ingekuwa mtaa wa jirani. Kwake hatua ya pili ilikuwa kuvuka mpaka kwenda Kakamega, kuichezea Kabras Sugar, klabu ya Kenya yenye kiwanda cha sukari nyuma yake. Ya tatu ilikuwa Bourges, katikati ya Ufaransa, katika klabu iliyocheza chini ya madaraja mawili ya juu ya raga ya kulipwa ya nchi hiyo. Katikati ya safari hizo aliitumikia timu ya taifa, ya wachezaji 15 na ya wachezaji saba, na mwaka 2018 alikuwa San Francisco katika Kombe la Dunia la wachezaji saba, yeye na ndugu yake Michael.

Nchi tatu kwa klabu tatu: kila alipotaka kupanda, ilimbidi kuhama. Na huyo ndiye aliyefanikiwa. Wengi hubaki na kazi ya mchana na mazoezi ya jioni, na mchezaji asiye na mkataba akivunjika goti, gharama humrudia yeye na jamaa zake.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za michezo hazilionyeshi. Ngazi ya vipaji husimama juu ya mtaa. Mount Druitt, pamoja na umaskini wake, imebaki palepale: watoto, shule, klabu na majirani wanaojuana. Chini ya kilima cha Naguru nako kulikuwa na nyumba za serikali, zile za Naguru na Nakawa, zilizojengwa wakati wa Waingereza kwa ajili ya wafanyakazi. Mwezi Julai 2011 zilibomolewa ili kupisha mradi wa ujenzi wa kisasa, na familia zilizoishi humo zikatawanyika. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 11 Julai 2010, bomu lilikuwa limewaua watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia la soka katika uwanja wa Kyadondo. Klabu ilirudi uwanjani. Nyumba hazikurudi.

Hata hivyo, mteremko huo haujakoma kutoa washindi. Uganda ilikuwa bingwa wa Afrika wa raga ya wachezaji saba mwaka 2016 na 2017, na Aprili 2022 ikatwaa taji hilo tena, palepale Kyadondo, mbele ya watu wake. Ushindi huo uliwapa vijana tiketi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham na Kombe la Dunia mjini Cape Town.

Watoto wa familia za Afrika Mashariki wanaokulia magharibi ya Sydney, kwa upande wao, wanapanda treni ileile inayopita St Marys na kuishia Penrith au zaidi. Klabu za watoto huandikisha kila mwaka kabla ya msimu kuanza, na mzazi anayempeleka mwanawe hahitaji kuujua mchezo wenyewe.