Kumtumikia Mungu bila kubakiza

Katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati yumo mfalme ambaye wahubiri wetu humpita haraka. Ni Amazia wa Yuda, aliyetawazwa akiwa na miaka 25 na kutawala miaka 29. Mwandishi anamsifu kwamba alitenda yaliyo sawa mbele za Mungu, kisha anaongeza papo hapo kuwa hakuyatenda kwa moyo mkamilifu. Hukumu hiyo inashangaza, kwa sababu habari zinazofuata si za mtu mvivu wa dini. Aliwaua waliomuua baba yake lakini akawaacha hai watoto wao, kwa kuwa Torati ilikataza mtoto kufa kwa kosa la mzazi. Aliwakodi askari 100,000 wa Israeli kwa talanta 100 za fedha, na mtu wa Mungu alipomwambia awarudishe kwao, aliuliza fedha zake zitakuwaje, lakini akawarudisha. Wangapi leo wangekubali hasara ya namna hiyo kwa neno la mhubiri? Kilichomshinda kilikuja baada ya ushindi. Alipowapiga Waedomu alirudi na miungu yao akaifukizia uvumba, na nabii alipomkemea, alimuuliza ni nani aliyemfanya mshauri wa mfalme, akamwonya anyamaze asije akapigwa. Kutoka hapo alimchokoza mfalme wa Israeli, akashindwa, na dhiraa 400 za ukuta wa Yerusalemu zikabomolewa.

Nalitazama jambo hili hivi: Amazia hakupungukiwa na kazi wala sadaka. Alibakiza. Palikuwa na jambo moja, heshima yake kama mfalme, ambalo hakutaka liguswe na mtu, awe nabii au Mungu mwenyewe. Kwa hiyo moyo nusu haupimwi kwa kuhesabu alichotoa mtu. Hujulikana pale anapoguswa katika kile alichokizuia, na zaidi kwa namna anavyomtendea aliyethubutu kukigusa.

Makanisa yetu yamezoea kipimo kingine. Anayehudhuria mikesha, anayeimba kwaya, anayetoa fungu la kumi na kuchangia ujenzi, huyo ndiye huitwa mtumishi wa kweli. Kazi hizo zinahitajika, na mara nyingi hufanywa na watu wanaojinyima kwelikweli. Kuzibeza ni utovu wa adabu. Lakini tumwangalie Yohana Mbatizaji katika Injili ya Luka. Umati ulipomuuliza wafanye nini, hakumpangia mtu hata mmoja zamu hekaluni. Aliwaambia wenye kanzu mbili wampe moja asiye nayo, watoza ushuru wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa, na askari wasiwanyang'anye watu bali watosheke na mshahara. Kila kundi liliguswa palepale lilipokuwa limejiwekea akiba, na kwa watoza ushuru na askari akiba hiyo ilikuwa kazini, siku za wiki.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe, Uganda, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki ukaenea kutoka Gahini hadi Kigezi, Burundi, Buganda, Kenya na Buhaya. Waliouhofia hawakuogopa nyimbo zake. Waliogopa kwamba watu walianza kurudisha mali walizoiba, kulipa madeni waliyoyakana, na kukiri mbele ya wenzao mambo ambayo desturi ilitaka yafichwe. Wamisionari kadhaa nao waliwaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulizoea. Miaka ya 1950 huko Kenya, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za serikali, na baadhi waliuawa. Walikuwa na ukali wao, hata wa kuwahukumu waumini wengine, na baadaye waligawanyika. Lakini walielewa jambo ambalo Amazia hakulielewa, kwamba ndugu anayekukemea ni sehemu ya utumishi wako.

Hapo ndipo panapozuka pingamizi zito kuliko yote. Gahini iko Rwanda, na Rwanda, ambako sensa ya 1991 ilionyesha karibu watu 9 kati ya 10 ni Wakristo, ndiko Wakristo walikowaua Wakristo mwaka 1994. Kanisa la parokia ya Nyange, magharibi mwa nchi, lilibomolewa kwa buldoza Aprili mwaka huo likiwa na Watutsi takriban 1,500 waliokimbilia humo. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, na mwaka 2008 rufaa ikamwongezea adhabu hadi kifungo cha maisha. Je, ibada ilisaidia nini? Jibu langu si la kuitetea. Kwa wengi imani ilikuwa imeingia katika ndoa, shule na mazishi, lakini ikazuiwa mlangoni mwa ukabila, na waliotakiwa kukemea walikuwa karibu mno na watawala. Atakayesema ni rahisi kunena hivyo baada ya tukio hajakosea. Ndiyo maana kipimo lazima kifanyike kabla. Machi 18, 1997, Nyange hiyohiyo, waasi waliingia katika shule ya sekondari wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, wakasema wote ni Wanyarwanda, na kadhaa wakauawa. Sidai kujua kilichokuwa moyoni mwa kila mmoja wao. Ila wao hawakukizuia kile ambacho padri alikizuia.

Wengine watauliza nani basi ataokoka, maana hakuna mwenye moyo usio na doa. Swali ni la haki, na Maandiko yenyewe yanalipunguza makali. Daudi, anayetajwa kuwa mfano wa moyo mkamilifu, alizini na mke wa Uria kisha akapanga mumewe auawe. Tofauti yake na Amazia ilionekana nabii Nathani alipoingia kumkemea: Daudi alikiri, Amazia akatisha. Na anayehofu kwamba kutobakiza ni kugawa mali yote, amtazame Zakayo. Alitoa nusu kwa maskini, akaahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, na Yesu akatangaza kuwa wokovu umefika nyumbani kwake. Anania na Safira walileta sehemu ya bei ya kiwanja wakidai ni yote, wakaanguka wakafa, ingawa Petro alikuwa amemwambia Anania kwamba mali ilikuwa yake na angeweza kukaa nayo. Kosa lao lilikuwa kuficha, na wala hatuambiwi walificha kiasi gani.

Linabaki pingamizi la karani mwenye watoto watatu na mshahara usiofika tarehe 20. Yeye huambiwa aache bahasha za chini ya meza, na mhubiri anayemwambia hivyo hulipwa kwa sadaka zinazotoka katika bahasha hizohizo. Ana haki ya kukasirika. Yohana hakuwaambia watoza ushuru waache kazi, na kanisa halina ruhusa ya kumdai mtu mdogo usafi ambalo halimdai mfadhili wake mkubwa. Kwa hiyo lianze na wakubwa. Kamati inayomteua mzee wa kanisa hutazama ahadi yake ya ujenzi na mahudhurio yake. Nayo iwaulize dada wa kazi, mlinzi na dereva wa mteuliwa kama wamelipwa mwezi huu, na kama waliwahi kumkosoa wakabaki na kazi zao. Majibu yao yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla kura haijapigwa.