Kamisheni Isiyomruhusu Mtu Kunywa Maji

Alikuwa na umri wa miaka 41, muuzaji katika duka la vifaa vya umeme mjini Same. Kwa miezi minane kadi yake ya kliniki ilionyesha shinikizo la damu lisiloshuka: 168/104, 172/100, 166/102. Dozi iliongezwa mara mbili. Mara mbili pia alitibiwa maambukizi ya njia ya mkojo. Katika faili paliandikwa maneno ambayo sisi matabibu huyaandika upesi mno: hafuati masharti ya dawa. Mgonjwa huyu ni mfano nilioujenga kutokana na visa vinavyofanana, ili siri ya mtu yeyote isifichuke.

Jibu lilipatikana pale maswali yalipohama kutoka kwenye vidonge kwenda kwenye kazi. “Daktari, kile kidonge cha asubuhi kinanipeleka msalani kila mara. Nikitoka, mteja niliyemhudumia saa nzima anamaliziwa na mwenzangu, na kamisheni inakuwa yake.” Kwa hiyo siku za kazi hakukimeza. Kwa tahadhari zaidi, hakunywa maji mpaka jioni.

Kipato kilichofungwa kwenye kaunta

Katika kazi ya namna hii, mshahara wa msingi huwa mdogo, na sehemu kubwa ya kipato ni asilimia ya kila runinga, redio, jokofu au paneli ya sola inayouzwa. Wateja wengi hushuka kutoka milima ya Pare Kusini, na mifuko yao hufuata mavuno. Tangawizi ya Mamba ikipata bei, duka hujaa; isipopata, siku hupita bila mauzo. Muuzaji asiyejua kesho italeta nini huona kila dakika ya mapumziko kuwa ni fedha iliyopotea. Naye huyafanya hayo katika mji ulio upande mkavu wa milima, wenye joto kali, ambako mwili unahitaji maji kuliko kawaida.

Yanayotokea mwilini

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya ndama, ambayo husukuma kila tunapopiga hatua. Anayesimama mahali pamoja kwa saa nyingi huinyima misuli hiyo kazi. Damu hutuama, vifundo huvimba, na kwa miaka mishipa ya vena hutanuka na kujikunja. Kutokunywa maji na kubana mkojo huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana kwenye kibofu. Wasiwasi wa kudumu nao huuweka mwili katika hali ya tahadhari, moyo ukienda mbio na shinikizo likipanda.

Saa za kazi nazo zina uzito. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40.

Haki iliyo kwenye maandishi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 huweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Humtaka pia mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya maandishi kuhusu malipo na namna yanavyokokotolewa. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi Na. 120 wa mwaka 1964, unaohusu maduka na ofisi, husema wafanyakazi wapewe viti vya kutosha na nafasi ya kuvitumia.

Kwa mhudumu wa afya

Kabla ya kuongeza dozi, uliza: Unalipwaje? Unasimama saa ngapi? Msala uko wapi, na nani hushika nafasi yako ukienda? Kwa mgonjwa huyu kidonge cha kuongeza mkojo kiliondolewa, ikawekwa losatani, baada ya kuhakikisha kuwa hana mimba wala mpango wa kuibeba, kwa kuwa dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni.

Kwa muuzaji

Usiache dawa kimyakimya. Mweleze tabibu kinachokuzuia. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Inua visigino mara kwa mara ukiwa umesimama, na jioni nyanyua miguu juu ya mto. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kupata joto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Tiba iliyosaidia zaidi haikutoka duka la dawa. Wauzaji wale walikubaliana kuwa na daftari: jina la mteja huandikwa pamoja na la aliyempokea kwanza, na anayekamilisha mauzo wakati mwenzake yuko msalani hamnyang’anyi kamisheni. Baada ya miezi mitatu kadi ilisoma 136/86. Miguu bado humvimba siku zenye wateja wengi, na kiti bado hajakipata.