"Kasi" Haitoshi: Istilahi za Ukawiaji katika Mtandao wa Nyumbani

Katika orodha za istilahi ambazo wafasiri na walimu hutuletea ili zitazamwe kabla ya kusanifiwa, zimeanza kuonekana zile zinazohusu michezo ya kompyuta na ya simu, inayochezwa na watu walio mbalimbali kwa njia ya intaneti. Wapo watakaoona kwamba jambo hili ni la watoto na halistahili kurasa za jarida hili. Sisi tuna maoni tofauti. Mchezo wa namna hii ni kipimo kikali sana cha afya ya mtandao wa nyumbani. Barua pepe ikikawia sekunde tatu hakuna ajuaye. Lakini mchezaji akibonyeza kitufe, na mshambuliaji wake asiupige mpira mpaka golikipa ameshautwaa, hitilafu hujulikana na nyumba nzima kwa kelele zitokazo chumbani. Na hitilafu hiyohiyo ndiyo inayokatakata sauti ya mwalimu afundishaye akiwa mbali, au ya shahidi anayehojiwa na mahakama kwa njia ya video.

Vijana hawakutungoja. Wao husema mchezo "unaganda", "unakwama", au "una legi". Ni maneno mazuri ya kutaja dalili, na hatuoni sababu ya kuyapiga vita. Shida huanza pale dalili inapopelekwa kwa fundi au kwa muuza huduma, maana hapo maandishi yetu ya Kiswahili hubakiwa na neno moja tu, nalo ni kasi. Kijitabu kimoja cha maelezo ya kifaa cha intaneti, kilicholetwa ofisini petu ili kihakikiwe, kilitumia neno hilo mahali ambapo matini ya asili ilikuwa na dhana tatu tofauti. Msomaji alishauriwa kwamba mchezo ukikwama "aongeze kasi", yaani anunue kifurushi kikubwa zaidi. Mwenye nyumba anayefuata ushauri huo hulipa zaidi kila mwezi, na mara nyingi mchezo huendelea kukwama palepale. Hapa kosa la istilahi limekuwa hasara ya fedha.

Tuanze basi na kuzitenga dhana mbili ambazo neno kasi huzifunika pamoja. Ya kwanza ni kiasi cha data kinachoweza kupita katika njia kwa sekunde moja. Hiki ndicho kinachotangazwa na kuuzwa, kikihesabiwa kwa megabiti. Ya pili ni muda unaotumiwa na pakiti moja kufika iendako. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro ikipanuliwa kutoka njia mbili kuwa sita, magari mengi zaidi yatapita kwa saa, lakini Morogoro haitasogea karibu hata kwa hatua moja. Pakiti za mchezo ni ndogo, nyingi zikiwa na baiti mia chache tu, nazo hutumwa mara nyingi katika kila sekunde. Hazihitaji barabara pana. Zinahitaji kufika upesi, na kufika kwa muda ulio sawa.

Kwa dhana ya kwanza, tafsiri za programu kadhaa zimetumia "kipimo data". Istilahi hii haituridhishi. Haisemi ni kipimo cha nini, na msomaji asiyejua dhana yenyewe hawezi kuibahatisha kutokana na maneno. Tunapendekeza upana wa njia, ambayo mwalimu anaweza kuieleza darasani bila kuchora mchoro.

Dhana ya pili ina utata zaidi. Wafasiri wengi wameandika "ucheleweshaji". Kiambishi cha kutendesha kilichomo humo hudai kuwapo kwa mcheleweshaji, mtu au kitu kilichozuia, ilhali hata mtandao ulio mzima kabisa una muda wake wa safari. "Uchelewaji" nao una kasoro. Kitenzi kuchelewa kimetokana na kucha: aliyechelewa ni yule aliyekutwa na mapambazuko kabla ya kutimiza shughuli yake. Kwa hiyo neno hili hubeba ndani yake wazo la saa iliyowekwa na kupitwa. Kukawia hakuna masharti hayo. Ni kutumia muda tu, uwe mrefu au mfupi, pawe na miadi au pasiwe. Kwa sababu hiyo tumechagua ukawiaji. Methali ya kawia ufike itamjia msomaji akilini, na hapa inafaa kueleza kwamba mchezo na mazungumzo ya sauti havikubaliani nayo. Barua pepe hukawia ikafika, na heri yake. Pakiti ya sauti inayofika baada ya zamu yake kupita hutupwa, ikawa sawa na iliyopotea njiani.

Ukawiaji hupimwaje? Hutumwa ujumbe mdogo kwa kompyuta ya mbali ukiiomba iurudishe, na muda wa kwenda na kurudi huhesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Programu ifanyayo kazi hiyo iliandikwa mwezi wa Desemba 1983 na Mike Muuss, mtaalamu wa maabara ya jeshi la Marekani, naye akaiita kwa mlio wa chombo ambacho nyambizi hutumia kusikilizia vitu vilivyo majini. Vijana wameutohoa mlio huo kuwa "pingi". Lakini ujumbe wenyewe, katika kanuni za intaneti, huitwa ombi la mwangwi, na Kiswahili kina neno mwangwi tangu zamani. Anayesimama bondeni akaita, kisha akahesabu mpaka sauti yake imrudie, anafanya jambo lilelile. Tunapendekeza muda wa mwangwi kwa kipimo, na kutuma mwangwi kwa tendo.

Kipimo hiki kina mpaka wake wa chini ambao hakuna fedha inayoweza kuuvuka. Katika uzi wa kioo, mwanga husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, ambayo ni kama safari yetu ya Morogoro. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban kilomita 7,500 kwa mstari mnyoofu. Kwa hiyo mwangwi wa London hauwezi kurudi kabla ya milisekunde 75, na kwa kuwa nyaya huzunguka baharini, muda halisi ni mkubwa zaidi. Kabla ya waya wa SEACOM kufika katika pwani yetu mwaka 2009, mawasiliano mengi ya eneo hili na nchi za mbali yalipita katika satelaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na mwangwi ulikawia zaidi ya nusu sekunde. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipokatika karibu na Afrika Kusini, sehemu ya mawasiliano ya Afrika Mashariki ilibidi ipitie njia nyingine. Siku za namna hiyo, fundi wa nyumbani hana la kurekebisha.

Ukawiaji mkubwa ulio thabiti, hata hivyo, si adui mkuu wa mchezaji. Mtu huuzoea, kama mwogeleaji anavyouzoea mkondo. Kinachomshinda ni mwangwi uliokuwa ukirudi kwa milisekunde 40, kisha ghafla ukarudi kwa 600, kisha ukatulia tena. Hapa pana dhana mbili. Kubadilikabadilika kwa muda kati ya pakiti moja na nyingine tumekuita myumbo. Tumeliacha neno mtetemo kwa sababu wanafizikia wameshalichukua. Kupanda kwa ghafla kwa ukawiaji tumekuita mruko. Kuna pia upotevu wa pakiti, istilahi isiyohitaji utetezi.

Sasa tuone jinsi istilahi hizi zinavyomsaidia mtu kutafuta kasoro. Mruko hauna chanzo kimoja, na njia ya kukijua chanzo ni kutuma mwangwi kwa hatua, kuanzia karibu kwenda mbali.

Kwanza mwangwi hutumwa kwa ruta iliyo ndani ya nyumba. (Istilahi "kipanga njia" tunaifahamu, na wanaoipenda waendelee nayo, lakini kipanga ni ndege mla vifaranga, na mafundi wote tuliowasikia husema ruta.) Mwangwi huu unapaswa kurudi kwa milisekunde chache tu. Ukiwa unaruka wakati kompyuta inatumia Wi-Fi, na ukatulia mara inapounganishwa kwa waya, basi kasoro iko hewani: kuta nene, mitandao ya majirani iliyosongamana katika masafa ya gigahezi 2.4, au jiko la mikrowevu linalotumia masafa hayohayo. Dawa ni waya, au masafa ya gigahezi 5, au kuiondoa ruta nyuma ya kabati. Kifurushi kikubwa hakitasaidia kitu.

Mwangwi wa ndani ukiwa mtulivu, hutumwa mwingine nje ya nyumba, mara mbili: nyumba ikiwa kimya, kisha mtu mmoja akiwa anapakia picha au video kwenda intaneti. (Istilahi kupakia na kupakua zilichukuliwa bandarini, nazo zimekubalika pasipo mabishano, jambo lisilotokea mara nyingi katika kazi yetu.) Muda ukipanda kutoka milisekunde 40 hadi mamia kadhaa pale tu upakiaji unapoanza, chanzo kimepatikana, nacho kinahitaji maelezo marefu kidogo.

Kila ruta ina kumbukumbu ambamo pakiti husubiri zamu ya kutoka. Wengi huiita bafa. Sisi tunapendekeza ngojeo, wingi mangojeo, kwa kanuni ileile iliyotupa tegemeo na kimbilio. Kumbukumbu iliposhuka bei, watengenezaji waliyakuza mangojeo wakidhani wanawafaa wateja, kwamba afadhali pakiti ingoje kuliko ipotee. Matokeo yake ni foleni isiyokwisha. Tuchukue mfano: njia ya kupakia yenye upana wa megabiti 2 kwa sekunde, na ngojeo la kilobaiti 500. Kilobaiti 500 ni sawa na megabiti 4. Ngojeo likijaa picha za harusi, pakiti ya mchezo inayofika mwisho wa foleni itangoja sekunde mbili kamili kabla ya kuvuka kizingiti cha nyumba. Na ngojeo hujaa kweli, kwa sababu programu zinazotuma data nyingi huzidisha mwendo mpaka zione pakiti imepotea, na ngojeo kubwa huificha habari hiyo kwa muda mrefu.

Jim Gettys, mtaalamu wa Marekani, aliichunguza hali hii mwaka 2010 katika mtandao wa nyumbani kwake, na jina la Kiingereza alilolitumia hutaja uvimbe wa ngojeo. Tumeona tusilifuate jina hilo. Anayeumia haumizwi na ukubwa wa ngojeo bali na vilivyorundikana ndani yake. Ngojeo kubwa lililo tupu halina madhara. Kwa hiyo tunapendekeza mrundikano wa foleni.

Dawa yake haiuzwi kwa megabiti. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitangaza mbinu iitwayo CoDel, ambayo haitazami foleni ina pakiti ngapi bali kila pakiti imekaa humo muda gani. Kungoja kukizidi kiasi kwa kipindi fulani, baadhi ya pakiti huangushwa makusudi ili watumaji wapunguze mwendo. Mbinu iliyotokana nayo, FQ-CoDel, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 2018, huzitenga foleni za kila mazungumzo, hata pakiti ndogo za mchezo zisikwame nyuma ya malori ya video. Kazi hii tumeiita usimamizi wa foleni. Ruta yenye uwezo huo hutakiwa pia kuwekewa kikomo kilicho chini kidogo ya upana halisi wa njia, tuseme asilimia 90, ili foleni iwe ndani ya ruta inayojua kuisimamia na si katika kifaa kingine kisichojua. Anayetumia modemu ya simu ataona ugumu hapa, kwa kuwa upana wa njia yake hubadilika saa kwa saa. Yeye na achague kikomo cha chini zaidi, au picha zipakiwe usiku.

Mwangwi wa nje ukiruka hata nyumba ikiwa kimya, hasa saa za jioni, foleni iko kwa mtoa huduma. Hapo ndipo mteja anapohitaji istilahi kuliko fundi. Mkataba ukitaja kasi tu, mtoa huduma ataonyesha megabiti zake, na mteja hatakuwa na neno la kudai. Watumishi wa serikali wanaoandika zabuni za intaneti za shule na hospitali wangefanya vema kuandika mambo matatu mbalimbali: upana wa njia wakati wa kupakua na wakati wa kupakia, muda wa mwangwi usiozidi kiasi fulani hadi mahali palipotajwa, njia ikiwa kimya na ikiwa imejaa, na upotevu wa pakiti usiozidi asilimia fulani.

Katika istilahi zote tulizozitaja, ile ambayo bado inabishaniwa ofisini ni mruko. Wenzetu wawili wanapendelea kilele, kwa kuwa ndilo umbo linaloonekana katika grafu. Pingamizi letu ni kwamba kilele hukaa mahali pake, ilhali jambo hili huja na kutoweka. Wasomaji walio karibu na wachezaji, hasa walimu wa sekondari, wanaombwa watuandikie maneno wanayoyasikia kabla orodha haijapelekwa kusanifiwa.