Dawa Gani ya Presha kwa Watu wa Ndia Kuu?

Ukiifuata Ndia Kuu kutoka Fort Jesus kuingia Mji wa Kale wa Mombasa, utapita nyumba za watu wa asili nyingi: Waswahili, Wahadhrami, Wabaluchi, Mabohora. Wamekuwa majirani kwa vizazi, wengi wameoleana, na ugonjwa mmoja unazitembelea nyumba zao zote: presha.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Presha haiumi. Mtu hushinda barazani akijiona mzima, kumbe mishipa ya moyo, ubongo na figo inachakaa, mpaka siku kiharusi kinapomwangusha.

Sayansi ya presha ina historia Kenya. Katika miaka ya 1980, Neil Poulter, daktari kutoka Uingereza, na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi. Ripoti yao ya mwaka 1990 ilieleza kwamba presha ya wahamiaji ilipanda mapema tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulionyesha kuwa sasa walikula chumvi nyingi zaidi kulinganisha na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika matunda na mboga.

Poulter alirudi tena katika jaribio la CREOLE, safari hii pamoja na watafiti wa Afrika, akiwemo Profesa Elijah Ogola wa Kenya. Kuanzia mwaka 2017 waliandikisha Waafrika weusi 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Kila mgonjwa alipewa mojawapo ya jozi tatu za dawa, dawa mbili kwa pamoja, na baada ya miezi miwili dozi ikaongezwa maradufu. Kipimo chenyewe kilikuwa cha saa 24: mgonjwa alifungwa mkanda mkononi, uliounganishwa na kimashine kidogo cha kubeba, nao ukajijaza hewa wenyewe mchana na usiku, hata akiwa usingizini. Kwa njia hiyo hofu ya hospitali haikupotosha hesabu.

Matokeo yalitoka mwaka 2019. Baada ya miezi sita, waliotumia amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi au perindoprili walishuka presha kwa takriban milimita 3 za zebaki zaidi ya waliotumia perindoprili na haidroklorothiazidi. Amlodipini hulegeza misuli ya mishipa. Haidroklorothiazidi hutoa chumvi na maji kupitia mkojo. Perindoprili huzuia homoni inayobana mishipa, na kwa Waafrika weusi wengi homoni hiyo si chanzo kikuu cha presha, kwa hiyo ikitumika peke yake nguvu yake huwa ndogo.

Baadaye jaribio la TOPSPIN liliuliza swali la namna hiyo India, kwa wagonjwa 1,981, indapamidi ikichukua nafasi ya haidroklorothiazidi. Huko jozi zote tatu zilishusha presha karibu sawa.

Basi mkaazi wa Ndia Kuu ambaye babu yake alitoka Gujarat na nyanyake Lamu afuate jibu lipi? Sura na ukoo havitoshi kumchagulia dawa. Majaribio yote mawili yanakubaliana kuwa dawa mbili pamoja hushusha presha vizuri, na amlodipini imo katika jozi zilizofaulu kote. Yaliyobaki yataamuliwa na vipimo vyake mwenyewe baada ya kuanza dawa.

Vipimo hivyo navyo vina masharti. Kahawa iachwe nusu saa kabla. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono ukiwa usawa wa moyo. Pima mara mbili, andika tarehe na namba, umpelekee daktari. Miguu ikivimba kwa amlodipini, au kikohozi kikavu kikikusumbua kwa perindoprili, usiache dawa kimyakimya: mwambie akubadilishie.

Na watafiti nao wana deni. CREOLE iliwauliza Waafrika weusi, TOPSPIN ikawauliza Wahindi. Jaribio lijalo lifike Mombasa, liwaandikishe watu wa pwani wenye damu zilizochanganyika, ili daktari wao awatibu kwa ushahidi uliotoka kwao.