Ulinzi wa mawasiliano bila waya kwa ushirikiano

Ulinzi wa mawasiliano bila waya kwa ushirikiano ni njia ya kumzuia mdukizi, yaani mtu anayesikiliza kwa siri, asielewe ujumbe unaopita hewani. Vifaa vya watumiaji wengine walio karibu hutumika kama wasaidizi.

Mawimbi ya redio husambaa. Katika eneo lenye msongamano kama Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mawimbi ya Wi-Fi ya duka la Mtaa wa Kongo hufika pia kwa majirani na wapita njia. Mwenye kifaa kinachofaa huweza kuyapokea bila kuonekana. Kinga ya kawaida ni usimbaji fiche, unaohitaji ufunguo wa siri.

Historia

Mwaka 1949 Claude Shannon wa Marekani alichapisha nadharia ya kihisabati ya usiri. Mwaka 1975 Aaron Wyner alionyesha kwamba ujumbe unaweza kubaki siri hata bila ufunguo, mradi mdukizi apokee ishara mbovu kuliko mpokeaji halali. Lakini mdukizi anaweza kuwa karibu zaidi na mtumaji. Mwaka 2008 Ender Tekin na Aylin Yener walichapisha utafiti kuhusu watumiaji wanaosaidiana kumvuruga.

Namna inavyofanya kazi

Njia kuu ni mbili:

* Kupokezana: kifaa cha kati hupokea ujumbe na kuupeleka mbele. Mtumaji hahitaji nguvu nyingi, hivyo mawimbi yake hayafiki mbali.
* Kelele za makusudi: msaidizi hutoa mawimbi ya kuvuruga. Ni kama muuzaji na mteja wanaonong'onezana bei, huku mwenzao akipiga debe karibu na anayetega sikio. Kelele hizo huelekezwa mbali na mpokeaji, au yeye huzijua mapema na kuziondoa.

Mipaka

Msaidizi hutumia betri yake kwa faida ya mwingine, na asipokuwa mwaminifu anaweza kuwa mdukizi mwenyewe. Mara nyingi mahali alipo mdukizi hapajulikani. Kelele zaweza pia kuwasumbua watumiaji wengine. Nchini Tanzania masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kunasa mawasiliano bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kwa sababu hizo, ushirikiano huongeza kinga juu ya usimbaji fiche, wala hauchukui nafasi yake.