Nani Analipa Mafuta?

Gari jipya la wagonjwa hupokelewa kwa ngoma, utepe na picha ya pamoja. Miezi michache baadaye swali huwa jingine: nani analipa mafuta? Waliobuni mfumo wa m-mama nchini Tanzania walianzia kwenye swali hilo.

Majaribio yalianza mwaka 2013 Sengerema na Shinyanga, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Badala ya kununua magari, mradi ulinunua safari. Anayepiga 115, bila malipo, hupokelewa na mratibu anayeuliza dalili, anayechagua kituo cha kumpeleka mgonjwa na kutafuta chombo kilicho karibu. Likikosekana gari la wagonjwa huitwa dereva jamii, mtu mwenye gari lake, aliyesajiliwa mapema na anayejua nauli yake. Akishamfikisha mgonjwa, pesa inaingia kwenye simu. Hasubiri hundi ya halmashauri (waliowahi kuidai halmashauri watanielewa), wala familia haiuzi mbuzi usiku wa manane. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mfumo huo kitaifa.

Hesabu yake inaeleweka. Gari la wagonjwa hula matairi, bima na mshahara hata likilala. Dereva jamii hulipwa siku aliyoitwa tu.

Kenya ilipita njia nyingine. Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, lakini mfuko maalumu wa kuyagharamia, pamoja na magonjwa sugu na mahututi, ulikuja na sheria ya mwaka 2023. Haki ilitangulia, mlipaji akafuata miaka 13 baadaye.

Hata hivyo, tukirudi Tanzania, nauli si matibabu. Dereva jamii ni dereva, na gari la mtaani halina mtungi wa oksijeni. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yakaanza, lakini utaalamu huo humkuta mgonjwa mlangoni. Mama anayevuja damu anamhitaji mtu wa kumwekea dripu na kumpima presha njiani. Na zahanati yenye wauguzi wawili ikimtoa mmoja amsindikize hadi hospitali ya wilaya, aliyebaki hushika zamu peke yake mpaka alfajiri.